Wimbo wa Sita wa Kurudi

Goma, Mapendo. Jumapili tarehe 7 Machi 2021

Mwaka wa ishirini na tano unakwenda tangu nitoke Jomba. Nilitoka Oktoba 1996, siku ya mvua, nikamwachia ufunguo dada yangu Nyiransabimana, ambaye hakukimbia wakati ule wala baadaye. Kutoka hapa hadi Jomba, ukipita Rutshuru na kukata upande wa Bunagana mpakani, ni safari ya asubuhi moja. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije nikajidanganya kwamba ni mbali.

Jana dada alipiga simu. Nyumba ya baba, iliyobomoka zamani, ameijenga upya. Kuta zimesimama, bati zimepigiliwa. Anataka nihamie Juni, wakati wa kuvuna maharage. "Milima imetulia," alisema. "Sasa hauna sababu tena." Nikamjibu nitakwenda. Nilijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Kabla ya Juni kuna kazi moja. Bendi yetu itarekodi albamu ya sita, na itakuwa ya mwisho. Tunaitwa Makoro, yaani haya mawe meusi ya volkano ambayo mji mzima umejengwa kwayo. Tunapiga metali, muziki wa gitaa nzito na sauti ya kukwaruza, na tumeupiga tangu 1986, tulipokuwa vijana na hakuna aliyetuelewa. Mimi napiga besi na kuandika maneno. Aubin, karani mstaafu ambaye kwao ni Bukavu, anapiga gitaa. Magloire anapiga ngoma. Pascasie anaimba. Jumapili anaongoza kwaya ya parokia kwa sauti nyororo ya juu. Jumatano anatuimbia kwa sauti ya mtu anayeburuta sanduku la chuma juu ya sakafu ya mawe.

Tuna desturi moja. Kila albamu yetu humalizika kwa wimbo uitwao Kurudi. Jina hilo hilo, mapigo yale yale ya besi, maneno mapya. Nimeandika tano. Wa sita sijauanza.

Jumatano 10 Machi

Mvua. Mazoezi kwa Aubin, Katindo, nyuma ya kambi ya jeshi. Magloire alileta ngoma zake kwa chukudu, lile baiskeli letu la mbao la kusukuma mizigo, amezifunika kwa turubai, amelowa yeye. "Ngoma ikilowa inakohoa," alisema. "Mimi nikilowa, mke wangu ananipa chai."

Jumamosi 13 Machi

Binti yangu Umwiza anafanya kazi ya sauti redioni. Amechukua kaseti zetu za zamani ili azihamishie kwenye kompyuta, na ananiletea moja moja nizisikilize. Leo albamu ya kwanza, ya 1987.

Nilikuwa nimesahau ilivyo ya haraka. Nyimbo tisa zinakimbia kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Vijana siku hizi wanaandika kwenye simu zao kwamba Makoro ya zamani ilikuwa na hasira. Hatukuwa na hasira. Tulikuwa na mafuta kidogo. Tulirekodi katika ukumbi wa parokia, na jenereta ya padri ilikuwa na mafuta ya nusu tangi, kwa hiyo kila wimbo ulipaswa kuisha kabla ya jenereta. Nyuzi za besi yangu zilikuwa waya za breki za pikipiki. Ule mkwaruzo wa gitaa, ambao wengine wanadhani ni chombo fulani cha Ulaya, Aubin aliupata kwa kuchana karatasi ya spika kwa wembe.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: hatukuwa na namna ya kupima nyuzi, tukazipima kwa ngurumo ya jenereta. Noti yake ndiyo iliyokuwa noti yetu. Mafuta yalipopungua ngurumo ilishuka, na sisi tukashuka nayo. Ndiyo maana wimbo wa mwisho ni mzito kuliko wa kwanza.

Wimbo huo wa mwisho ndio Kurudi ya kwanza. Dakika mbili. Mwanafunzi anangoja lori la Jumamosi limpeleke kwao likizoni akavune maharage. Hakuna huzuni ndani yake hata kidogo. Wakati ule kurudi lilikuwa jambo la kupata nafasi juu ya magunia.

Jumatano 17 Machi

Mvua. Pascasie ana mafua. Hatukufanya kitu.

Jumapili 21 Machi

Albamu ya pili, 1995. Kambi za wakimbizi zilikuwa zimetuzunguka, kipindupindu kilikuwa kimepita, na Magloire alikuwa amesaidia kuzika watu wasiohesabika. Alipokaa tena kwenye ngoma mkono wake ukakataa kwenda haraka. Hatukumuuliza. Tulimfuata. Albamu nzima inatembea kama watu wenye jeneza mabegani.

Kurudi ya pili ina dakika tisa. Nimeisikiliza hadi mwisho. Wakati ule nilikuwa mwalimu Jomba, nalala kwangu, nakuja Goma mwisho wa wiki. Wimbo ulikuwa wa watu wa makambini, mimi niliazima tu huzuni yao. Ni wimbo mzuri kuliko zote tano. Jambo hilo halinifurahishi.

Jumatano 24 Machi

Aubin na Umwiza wamegombana. Umwiza amekodi chumba chenye umeme safi, vitambaa ukutani, kila kitu. Aubin alikaa kupima gitaa, akapima, akaliweka chini.

"Huu umeme hauna sauti," alisema.

"Papa Aubin, umeme haupaswi kuwa na sauti."

"Basi mimi nipime na nini?"

Umwiza akamwonyesha kifaa kidogo chenye taa ya kijani. Aubin alikitazama kama mtu aliyeletewa wali bila mboga. Kwa upande wangu naona anazeeka vibaya. Siku zote amekuwa mtu wa kutafuta sababu ya kuondoka. Kila vita ilipoingia Goma, yeye alikuwa wa kwanza kupanda meli kwenda Bukavu, na ilipotulia alishuka bandarini na sanduku lake, amenyoa ndevu, kana kwamba alikwenda kusalimia tu. Kwa mtu mwenye kwao ng'ambo ya ziwa, kurudi ni rahisi.

Jumapili 4 Aprili, Pasaka

Kanisani Pascasie aliimba hadi bibi mmoja mbele yangu akatoa kitambaa. Baada ya misa aliniuliza kama Kurudi iko tayari. Nikasema mistari inakuja. Haiji.

Ijumaa 9 Aprili

Dada amekuja kutoka Bunagana na gunia la viazi na debe la maharage. Amezeeka, lakini maisha yake yote amevusha mizigo mpakani akibishana na watu wa forodha, na bado anaongea na kila mtu kama anayetaka kumtoza. Aliketi, akatazama ukuta wangu wa mawe meusi, sakafu yangu ya mawe meusi, uwanja wangu wa mawe meusi.

"Unaishi juu ya makaa, Papa Umwiza. Hata kitunguu hakiwezi kuota hapa."

"Kinaota kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo! Mutoto wa mulimaji anapanda kitunguu kwenye ndoo." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akanieleza nyumba. Vyumba vitatu, jiko nje, mparachichi wa baba umepona. "Na mulango nimeuweka pale pale uliposema."

"Nilisema wapi?"

"Kwenye wimbo! Ule mulioimba nyuma ya volkano kulipuka. Mama Pascasie anaimba, 'Mlango unaotazama Sabinyo.' Fundi alikataa. Aliniambia, mama, hapa mulango unawekwaka upande wa barabara. Nikamuwekea simu kwenye sikio, nikamuambia: sikiliza, huyu ndiye mwenye nyumba, na amesoma."

Nilimmiminia chai.

Jumamosi 10 Aprili

Dada amepanda gari asubuhi. Naandika sasa jambo ambalo sikumwambia.

Mlango wa nyumba ya baba ulitazama barabara. Mlima Sabinyo ulikuwa nyuma ya nyumba, na upande huo hapakuwa hata na dirisha. Nilipoandika Kurudi ya nne, mwaka 2004, niliweka barabara, na Magloire akasema neno ni refu, ngoma yake ina nafasi ya mapigo matatu tu. Nikaweka Sabinyo. Pascasie aliipenda, ikakaa. Miaka imepita, dada amesikiliza wimbo ule jioni ngapi sijui, mpaka wimbo ukaishinda kumbukumbu yake. Yeye aliyebaki pale pale amejenga kwa kumfuata mtu aliyeondoka.

Kwa hiyo huko Jomba kuna nyumba inayoningoja, na ni nyumba ambayo haikuwahi kuwepo.

Jumatano 14 Aprili

Mvua ya mawe. Mazoezi mazuri hata hivyo.

Jumapili 25 Aprili

Albamu ya tatu, 2000. Umwiza alidhani kaseti imeharibika kwa sababu ilikuwa kimya. Nikamwambia aongeze sauti. Goma ilikuwa mikononi mwa waasi, jioni hakuna aliyetembea, na kikundi kinachopiga kelele kingegongewa mlango. Tukapiga metali chini chini. Magloire alifunika ngoma kwa blanketi. Aubin, aliyekuwa ametoka Bukavu mwezi ule ule, aliunganisha gitaa na redio ndogo na kuiweka ndani ya sufuria. Pascasie alikwaruza kwa kunong'ona, mdomo ukigusa kipaza sauti, unasikia hata mate yake. Kurudi ya tatu haina maneno. Niliandika, nikasoma, nikaona kila neno linaweza kumfikisha mtu pabaya, nikachoma karatasi. Pascasie anavuma tu.

Umwiza aliisikiliza mara mbili. "Hii ndiyo inayotisha kuliko zote, Papa," alisema. Alikuwa mtoto wakati ule, amelala chumba cha pili. Hakuamka.

Alhamisi 6 Mei

Kuanzia leo jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Katindo magari mengi ya askari. Magloire amewekewa dawa kwenye jino.

Jumapili 9 Mei

Ya nne, ya 2004, sihitaji kuisikiliza, naisikia nikitembea. Januari 2002 volkano ilishuka mjini na kupita juu ya mtaa huu. Besi yangu, ngoma za Magloire, nakala zangu za kaseti za kwanza, nyumba yenyewe, vyote viko chini. Mawe yalipopoa watu walirudi kutafuta viwanja vyao. Hapakuwa na barabara wala ua. Mimi nilisimama nikapima kwa macho: mnara ule wa kanisa, kona ile ya ziwa, nikachora mistari kwa chokaa juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na joto. Jirani naye alichora yake, tukabishana kwa hatua mbili, tukaelewana. Nikajenga juu. Chumba ninacholala leo kiko juu ya chumba nilicholala 2001.

Albamu ile tuliipiga kwa mapipa na vyuma. Ndiyo tuliyopiga kwa nguvu kuliko zote. Watu wanaijua kwa ajili ya Kurudi ya nne, yenye mlango.

Ya tano, ya 2013, tuliirekodi Kampala baada ya waasi wengine kuingia Goma na kutoka. Studio nzuri, kila noti mahali pake. Haina kosa na haina mtu ndani. Mke wangu Clotilde aliisikiliza mara moja, mwaka mmoja kabla ya kufa, akaniuliza kama kweli ni sisi.

Jumatano 19 Mei

Nyimbo nane zimekamilika katika chumba cha Umwiza. Safi sana. Nikimtazama Aubin naona anawaza Kampala, na mimi pia. Imebaki Kurudi. Pascasie amenipa hadi Jumatano ijayo. "Mwalimu," alisema, "wewe ndiye unakwenda kwenu kweli safari hii. Ukishindwa kuandika sasa, utaandika lini?"

Na sababu ya kushindwa ni hiyo hiyo, kwamba nakwenda.

Jumapili 23 Mei

Jana jioni tulikuwa kwa Aubin. Mbingu upande wa kaskazini ikageuka nyekundu, na kwa muda kidogo kila mtu barabarani alisimama, kwa sababu wote tuliijua rangi ile. Kisha mji ukaanza kukimbia. Wengine mpakani kwenda Gisenyi, wengine njia ya Sake, magodoro vichwani, watoto mgongoni. Umwiza alikuja na pikipiki akataka kunipandisha. Nilimtuma amchukue Pascasie kwanza, mguu wake ni mbaya.

Magloire alisimama katikati ya barabara mikono kiunoni. "Tulijiita Makoro," alisema. "Sasa wenye jina wamekuja kutusalimu."

"Nyamaza, ingia ndani," Aubin alimwambia.

"Ndani ya nini? Hawa wageni hawagongi mulango."

Nilimgeukia Aubin nikitarajia kuona sanduku mkononi. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anafunga gitaa lake ndani ya blanketi, taratibu, kona kwa kona. Aliona ninavyomtazama. "Nimekimbia mara nyingi, Mwalimu," alisema. "Najua wakati. Wakati bado."

Alikuwa sahihi. Lava ilisimama nje ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Vijiji vya huko juu vimekwisha. Asubuhi nilitembea hadi Mapendo: nyumba yangu ipo. Nilikaa juu ya kitanda na viatu vyangu.

Jumanne 25 Mei

Ardhi inatetemeka tangu juzi bila kupumzika. Vikombe vinaongea kabatini. Ukuta wa jikoni umepata ufa wa kuingia kidole.

Ijumaa 28 Mei, Sake

Jana alfajiri redio ilitangaza kwamba mitaa kadhaa ihame mara moja, Mapendo ikiwemo, maana moto unaweza kutoka chini ya mji au chini ya ziwa. Umwiza amebaki na redio yake, kazi inamhitaji. Mimi, Aubin, Magloire na mkewe tulitembea. Njia yote ya Sake ilikuwa mto wa watu. Nilibeba besi na begi la nguo. Pascasie alikuwa ametangulia na wanakwaya wake, tukamkuta ameshapata darasa katika shule ya msingi, ameshagawa kona, na anagombeza watu wazima kama watoto wa katekisimu.

"Muzee Constant," aliniambia, "kona ile. Besi iwe mto wako, usimpige mutu nayo."

Mtaa wa Aubin haukutajwa redioni. Nilimuuliza kwa nini amekuja. Akasema Katindo na Mapendo ziko juu ya moto mmoja, redio haiwezi kuuchorea mpaka.

Jumapili 30 Mei, Sake

Mvua inavuja juu ya ubao wa darasa. Dada alipiga simu mara nyingi. Alisema nisingoje Juni, nipande gari lolote, nizunguke kokote, nyumba iko tayari. Nikamwambia barabara ya Rutshuru imekatwa na lava. Ni kweli, imekatwa. Lakini nilisikia jinsi nilivyosema, kwa nafuu, na nikaona aibu.

Jumatano 2 Juni, Sake

Nataka kuandika mambo mawili kama yalivyotokea.

La kwanza. Kutoka Sake barabara inaendelea hadi Minova, na kutoka Minova mtu anafika Bukavu. Aubin ana kaka huko, nyumba ya ghorofa, kitanda chenye chandarua. Magari yanapita mbele ya shule hii kila saa. Leo nilimuuliza kwa nini analala kwenye sakafu ya darasa la tatu.

"Nikienda Bukavu," alisema, "kaka yangu ataniuliza kila asubuhi nitarudi lini Goma. Hapa kila mutu anajiuliza mwenyewe, hakuna anayenisumbua."

Magloire akadakia: "Sema kweli, ni mke wa kaka yako. Anakuhesabiaka vipande vya nyama."

"Na hilo pia," Aubin alikubali.

Tukacheka. Lakini nimekaa nikawaza. Miaka yote nilimwona Aubin ni mtu wa kuondoka. Niliziona meli zake za kwenda. Zile za kuja niliziona na sikuzihesabu. Mtu yule ana kwao, panafikika, pana kitanda, na kila mara ameteremka tena katika bandari ya Goma, mji wa mawe, moto na risasi, kwa hiari yake. Mimi nimeimba kurudi maisha yangu yote. Yeye alikuwa anarudi, bila wimbo.

La pili. Jioni mama mmoja wa Masisi, mwenye watoto wanne kwenye mkeka wa pili, aliniuliza kwa kunisogezea tu maongezi: "Muzee, kwenu ni wapi?"

Nikamjibu: "Mapendo."

Nilimjibu kabla sijafikiri. Yeye akaendelea kumenya ndizi. Mimi nikabaki na neno lile kama mtu aliyepigiwa hodi na sauti anayoijua.

Jumatatu 7 Juni

Imetangazwa turudi, hatua kwa hatua. Darasa zima lilipiga makofi. Pascasie alianzisha wimbo wa kanisa, Magloire akapiga dawati.

Jumatano 9 Juni, Mapendo

Nimerudi. Ufunguo ulizunguka kwa shida, mlango umepinda kidogo kwa matetemeko. Ufa wa jikoni haujaongezeka. Kitunguu kwenye ndoo kimenyauka juu, lakini nilipofukua kwa kidole, chini kizima. Nikakinywesha. Nikachemsha maji. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikasikia baridi ya jiwe, na chini ya jiwe, kwa akili tu, nikaiona ile nyumba nyingine: kitanda chetu mimi na Clotilde, besi yenye waya za breki, meza ya Umwiza ya shule. Clotilde mwenyewe yuko makaburini upande wa pili wa mji. Nikaandika wimbo kabla chai haijapoa. Ni mfupi kama ule wa kwanza. Unaanza hivi:

Nimefungua mlango.
Chini yangu kuna mlango mwingine.

Jomba haimo. Nilitafuta mahali pa kuiweka, nikaona kila mahali inaingia kwa nguvu.

Jumamosi 12 Juni

Umeme bado haujarudi Mapendo wala kwenye chumba cha Umwiza. Magloire ameleta groupe, kama tunavyoita jenereta hapa, ya shemeji yake mwenye kinu, kuukuu, inatoa moshi kama pombe ya ndizi inayopikwa. Tuliiweka uani, sisi tukakaa chumbani kwangu. Ilipowaka, Aubin aliinamisha kichwa. Akapima uzi wa kwanza, wa pili. Akacheka peke yake.

"Huyu namujua," alisema.

Umwiza aliziba sikio moja. "Itasikika kwenye kila kitu, Papa."

"Ndiyo."

Tulirekodi Kurudi mara moja tu. Pascasie hakukwaruza wala hakuimba kama kanisani, aliimba kwa sauti ya katikati ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeongea na jirani. Mwishoni, noti ya besi ikiwa bado inaning'inia, ardhi ikatetemeka. Hakuna aliyesogea. Matoazi ya Magloire yakalia yenyewe, kidogo kidogo, na Magloire akainua mikono juu ili Umwiza aone si yeye. Yakanyamaza. Jenereta ikaendelea.

"Turudie?" Umwiza aliuliza.

"Acha hivyo," Aubin alisema.

Zile nane safi tutazirudia pia, hapa hapa, wiki ijayo. Umwiza ameguna, lakini ndiye aliyekwenda kutafuta mafuta.

Jumatatu 14 Juni

Jua. Mvua zimekwisha, naona.

Jumapili 20 Juni

Barabara imefunguliwa, dada amekuja na maharage mapya na kamba za kufungia mizigo yangu. Alizitupa mezani. "Haya. Vitabu ni vingapi?"

Nilimwomba aketi. Nilimwekea wimbo kwanza. Aliusikiliza mikono magotini. Ulipoisha alingoja, kisha akauliza, "Jomba iko wapi?"

"Haimo, dada."

"Ninasikia haimo. Ninakuuliza iko wapi."

Nikamwambia. Nilimweleza kwamba nimezeeka juu ya mawe haya, kwamba nilipoambiwa nirudi miguu yangu ilikuja hapa, kwamba ng'ambo ya mlima nina watu ninaowapenda na kaburi la baba na mama, nitakwenda kusalimia siku njia ikiwa njema, na nitalala siku mbili kama mgeni. Alisikiliza akitazama ufa. Tangu utotoni hajawahi kulia mbele yangu, na kwa habari hiyo pia hakulia.

"Tangu quatre-vingt-seize, tisini na sita, nimekulindia," alisema.

"Najua."

"Wewe haujui. Wewe uliimba." Ni kweli.

Baadaye, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kumpa, nilimwambia habari ya mlango. Kwamba baba aliuweka upande wa barabara. Kwamba Sabinyo niliitia kwa ajili ya ngoma ya Magloire, ilikuwa na nafasi ya mapigo matatu tu.

Aliacha kuutazama ufa, akanigeukia.

"Mapigo matatu."

"Ndiyo."

"Papa Umwiza! Ule upepo wa Sabinyo! Mvua inaingia mpaka kitandani! Mwezi mzima nimefagia maji mule ndani, nikajiambia, baba yetu alikuwa mutu wa akili, namna gani alijenga ujinga huu?" Akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda, akashika meza, na hapo ndipo machozi yakatoka, na sijui yalikuwa ya nini kati ya mawili, naye nadhani hakutaka nijue. "Na fundi! Fundi alisema! Nilimutukana mutu wa watu!"

Alipotulia alikunywa chai yote. Tukakubaliana kwamba nyumba ataichukua mwanawe Hitimana, anayeoa Septemba. Fundi ataombwa radhi, na mlango utageuzwa utazame barabara.

"Na ule wimbo?" aliuliza akifunga kitenge chake. "Ule wa Sabinyo. Uongo mutupu."

"Uache. Unaimbika."

Nimemsindikiza hadi kwenye gari. Amechukua kamba zake. Ameniachia maharage yote na mche wa parachichi kwenye kopo, akisema niupande kwenye ndoo yangu tuone.

Jomba sitarudi.